Nilivyowatafsiri Sili pale Katandala

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, na nyie wa darasa la saba mnaochungulia kwenye matundu ya mabanzi ya banda la Mama Fortu mkidhani hamuonekani, sogeeni. Anayeandika hapa ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na ndevu zangu mnaweza kuzihesabu bila kikokotoo. Lakini kazini nimeingia, nimefanya, nimetoka. Baba zenu wengi hawajaifikia hatua hiyo. Kwa hiyo tukikutana njiani, shikamoo haitawapunguzia kitu.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri sinema. Sizungumzii hizi mnazoangalia kwenye simu zikiwa zimeshatiwa Kiswahili na mtu aliyejifungia chumbani huko Dar, ambaye akikosea hakuna wa kumzomea. Mimi nilitafsiri papo kwa papo, maikrofoni mkononi, watu wamejaa kwenye mabenchi, na ukipotea njia unarushiwa ganda la karanga. Mmoja aliwahi kunirushia sweta. Baadaye akaja kuliomba, baridi imemzidi, nikamwambia asubiri adui afe kwanza.

Banda lenyewe la hapa Katandala mnalijua. Bati juu, mabanzi pembeni, mlangoni meza ya Mama Fortu anapouza chai na maandazi asubuhi. Mchana anaikunja meza, anaingia ndani, anawasha tivii. Fortunata, bintiye, anasoma bweni, na kila kitu anachokula, anachovaa na anachoandikia huko kinatoka kwenye mabenchi yale. Hilo mlishike, maana ndilo lililotufikisha kwa sili.

Sili ni mnyama wa baharini. Kwa ambaye hajamwona, achukue gunia la mahindi lililolowa, alitie macho ya mtoto anayeomba hela ya ubuyu, aliwekee sharubu. Nitamfikia.

Aliyenifundisha kazi ni Kaka Kalisti. Siku hizi yuko Laela ananunua mahindi, na nasikia akibishana bei na wakulima bado anatumia sauti ya adui, ile nzito ya kutokea tumboni, mpaka watu wanashusha bei bila kujua kwa nini. Kaka Kalisti alinichukua nikiwa kidato cha kwanza, kwa sababu alinikuta nje ya banda nikiwatafsiria wenzangu waliokosa kiingilio, kupitia tundu la msumari. Alinivuta sikio akaniingiza ndani. Nilidhani napelekwa kupigwa. Akanipa maikrofoni.

Somo lake la kwanza lilikuwa soksi. Maikrofoni ivalishwe soksi, iliyofuliwa, na ishikwe chini ya kidevu, usiitie mdomoni kama muhogo. Ukisema "piga" na maikrofoni iko mdomoni, spika inapasuka na wazee wa mbele wanashika vifua.

Somo la pili, majina. Usijisumbue na majina ya kule yalikotoka. Mwema ni stelingi, mbaya ni adui, msichana ni demu wa stelingi, na wengine wape majina ya hapa hapa. Mzungu mwenye bastola akiitwa Oswadi, hata bibi aliyeingia katikati anajua yupi ni yupi.

La tatu, wakianza kupigana mabusu na kuna mzazi ndani, sema, "Hapa wanaagana, safari ni ndefu," halafu kohoa.

Na somo kubwa kuliko yote, ambalo Kaka Kalisti alilisema kila siku kama sala ya chakula: mdomo usipumzike. Mteja wa banda, alisema, picha anaweza kuziona hata kwenye kioo cha duka akipita. Anacholipia ni mdomo. Stelingi akinyamaza, wewe sema anachowaza. Akilala, sema anachoota. Likipita gari tupu, sema linakwenda wapi. Ukimya ukizidi pumzi moja, mtu ananyanyuka kwenda kukojoa, na anayekwenda kukojoa harudi.

Nililishika somo hilo mpaka likanitia matatani. Siku moja umeme ulikatika stelingi akiwa amezungukwa na maadui. Watu wakaanza kudai viingilio. Nikainuka gizani, sauti kavu bila spika, nikaendeleza sinema kwa kichwa changu. Maadui wakamzidi, stelingi akaanguka, akausia, akafa, nikamzika kabisa, na kwaya ikaimba. Dada mmoja benchi la nyuma alilia. Umeme uliporudi, stelingi yuko juu ya pikipiki anakula ndizi. Watu wote wakanigeukia. Nikawaambia huyo ni pacha wake. Ikabidi niwe na pacha huyo mpaka mwisho wa sinema, na kila wenzake wa kwenye sinema walipomwita kwa jina, mimi nikawa naeleza kwamba hawajapata taarifa za msiba.

Mimi nami nilikuwa na ufundi wangu, ambao Kaka Kalisti hakuwa nao. Niliwapa watu wa kwenye sinema sauti za mkoa wetu. Tajiri aliongea kama mnunuzi wa mahindi wa Laela, haraka haraka, anameza mwisho wa neno ili uwahi kukubali. Polisi aliongea kama mtu wa bondeni, wa Ilemba, anayelivuta neno taratibu kwa sababu joto la kule halimruhusu kukimbia. Na mama wa stelingi alikuwa Mfipa wa huku juu, hata nyumba ikiungua anainama kwanza, anapiga makofi ya salamu, anauliza mmeamkaje, watoto wameamkaje, ulezi umeamkaje, ndiyo anasema moto. Nilikuwa na mpiganaji wa Kichina aliyesalimia hivyo kabla ya kila ngumi. Watu walikuwa wanajishika mbavu. Wakawa wanakuja mpaka wa mitaa ya Jangwani na Izia, wanauliza mlangoni, "Leo dogo wa sauti yupo?"

Nikavimba kichwa. Mngevimba hata nyie.

Sasa, jirani. Ukuta wa chumba cha Bibi Gaudensia na spika yetu vilitenganishwa na kichochoro cha kupita kuku mmoja. Bibi alikuwa haingii bandani. Hakuwa na haja. Kila sinema niliyotafsiri aliisikia yote, bila picha. Asubuhi nikipita kwenda shule nampa shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekwenda kushtaki, halafu ananisimamisha.

"Yule kijana aliyepigwa risasi jana, alipona?"

"Alipona, Bibi."

"Na mama yake aliambiwa?"

"Haikuonyeshwa."

"Sinema gani hiyo ambayo mama haambiwi," anasema, anaondoka. Na jioni hiyo hiyo anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamikia makelele.

Malalamiko ya Bibi peke yake yasingefika mbali, maana mwenyekiti wetu ni mtu anayependa kila mtu arudi nyumbani ameridhika. Lakini ukaja mkutano wa mtaa, na wazazi wakasimama mmoja baada ya mwingine. Watoto wanaficha sare kwenye mifuko na kuingia sinema mchana. Watoto hawasomi. Watoto wanaambiwa wakachote maji, wanajibu kwa sauti ya adui. Hapo kuna wazazi walinitazama. Bibi Gaudensia akamalizia na spika. Wakataka banda lifungwe.

Mama Fortu alisimama akasema maneno machache tu, kwamba banda ni kama jembe, linalima na linakata mguu, inategemea aliyelishika. Mwenyekiti akashika hapo hapo. Akasema haya, Jumamosi asubuhi wazazi wote waje bandani waonyeshwe sinema yenye elimu, waone wenyewe kama pale mahali panaweza kumfundisha mtoto kitu. Wakiridhika, banda litabaki. Wasiporidhika, kufuli siku hiyo hiyo. Na kufuli alilinunua. Tuliliona.

Tukatafuta elimu. Tulimwaga sanduku lote la CD na flashi juu ya meza ya maandazi. Vita. Vita. Ngumi. Mapenzi ambayo Mama Fortu aliyatupa chini ya meza bila kunitazama. Harusi ya watu tusiowajua. Somo la kutengeneza mashine ya kusaga, lote kwa Kichina. Na kwenye flashi moja aliyoiacha Kaka Kalisti, filamu ya wale sili.

Tuliiangalia Ijumaa mchana, mara mbili, mimi nikiwa pembeni ya tivii kama kawaida yangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, nikaambulia neno moja kati ya manne, mengine nikayakisia kwa mikono ya wasemaji. Hilo nalo ni la kujifunza, wadogo zangu: mtu akiongea lugha usiyoijua, mtazame mikono. Mikono haina lugha ngumu. Nilichokipata ni hiki. Watafiti wamekwenda kwenye bahari iliyoganda. Wanatoboa barafu, wanashusha maikrofoni ya majini kwa waya mrefu, wanawasikiliza sili huko chini. Kumbe sili wanapiga sauti ndani ya maji. Na sili wa upande mmoja wa ile nchi ya barafu hawapigi sauti kama wa upande mwingine. Ni sili wale wale, sharubu zile zile, ila milio inatofautiana kwa eneo. Ramani ilionyesha upande mmoja kwa bluu, mwingine kwa njano.

Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu. Laela na Ilemba! Niliona kama Mungu ameitengeneza filamu ile kwa ajili yangu mimi. Nikamwambia Mama Fortu alale usingizi, kesho namaliza mchezo.

Jumamosi ilikuwa baridi ile yetu ya mwezi wa sita, mnaijua, ambayo ukipumua unaona ulichokula. Wazazi walikuja na makoti na vitenge viwili viwili. Mwenyekiti alikaa benchi la mbele, akaliweka kufuli kando yake kama mtu aliyekuja na mtoto. Bibi Gaudensia aliingia bandani kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kigoda chake mkononi, kwa kuwa mabenchi yetu hakuyaamini. Akakiweka karibu kabisa na spika. Mama Fortu akamwambia pale pana kelele. Bibi akasema ameizoea.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Barafu ikatokea, mzee mmoja akasema hao wanaishi Sumbawanga ya kwao, watu wakacheka, nikaeleza watafiti ni akina nani na wanatafuta nini. Mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha maikrofoni ya watafiti ikashuka majini, picha ikawa maji tu, bluu na giza, na sili wa kwanza akapita.

Hapo msemaji wa kwenye filamu akanyamaza. Pumzi moja. Na mimi ni mwanafunzi wa Kaka Kalisti.

Nikaingia na sauti ya Laela: "Haya, gunia, gunia, nani ana mahindi makavu, usinidanganye, haya ya kwako yana unyevu!" Sili wa pili alipotokea nikamvuta taratibu, Kiilemba: "Tuuulia wewe mtu wa juu, mpunga weeetu haujakauka." Watoto waliosimama nyuma wakalipuka. Baadhi ya wazazi wakacheka, wakamtazama mwenyekiti, wakaacha. Baba mmoja mwenye asili ya bondeni alijifunga koti. Mwenyekiti akalichukua kufuli, akaligeuza geuza mkononi kama anayekisia uzito wa samaki.

Mama Fortu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika ile meza yake ya kukunja, kwa mikono miwili, utadhani kuna mtu anataka kuichukua.

Niliona kwamba watu wanapoa. Na mkono wa kazi unajua dawa moja tu ya watu kupoa, ongeza mdomo. Nikaongeza. Sili wa Laela akamtolea posa binti wa Ilemba. Mshenga akaja. Wakabishania mahari.

"Oresti," akasema Bibi Gaudensia.

Maikrofoni ilikuwa wazi, jina langu likasikika mtaa mzima.

"Naam, Bibi."

"Huyo mnyama anasema nini?"

"Anataka kuoa, Bibi."

"Sijakuuliza wewe unasema nini. Miaka miwili ukutani kwangu nakusikia wewe. Tajiri ni wewe, polisi ni wewe, mwanamke anayelia ni wewe. Leo nimetoka nyumbani na baridi hii nimsikie mwingine. Nyamaza."

Sikieni, wadogo zangu. Kuzomewa nimezomewa, na ganda la karanga nimepigwa. Lakini mtafsiri kuambiwa anyamaze ni kama mchunga ng'ombe kuambiwa kaa chini, wao wanajua njia. Nilimtazama Mama Fortu. Yeye alikuwa ameshachukua rimoti. Akarudisha nyuma mpaka pale maji yanapoanza, akaongeza sauti ya filamu, na mimi nikaiteremsha maikrofoni mpaka kwenye goti.

Basi tukasikia.

Nitawaelezaje. Chukua mtu aliyemeza filimbi, umwachie kutoka huku juu ateremke ule mteremko wa kwenda bondeni bila breki. Inaanza nyembamba, juu kabisa, halafu inashuka, inashuka, inanenepa, unasema sasa itaisha, bado inashuka, mpaka mwisho ni mkoromo unaousikia kwenye benchi kuliko masikioni. Wale watu wa makoti walikaa kama wako kanisani wakati wa kuinua ekaristi. Mtoto mmoja alifungua mdomo, ukabaki hivyo.

Kisha filamu ikahamia upande wa pili wa barafu, na sili wa huko naye akashusha filimbi yake. Lakini yake ilikuwa fupi, imekatika katikati, na mwishoni akaongeza vigongo vitatu vinne, ko-ko-ko, kama fundi anayegonga bati kuona kama limekaa.

"Huyu siyo wa kule," akasema yule baba wa bondeni. Alilisema kwa nafsi yake tu, lakini kila mtu alisikia.

Ramani ikatokea na rangi ya njano. Kweli, siyo wa kule.

Mama Fortu ni mfanyabiashara. Mlio uliofuata ulipoisha, kabla ramani haijatokea, akasimamisha picha. Alisimama tu na rimoti. Benchi la kushoto likasema bluu. Mzee wa mwanzo akasema njano, hamna masikio, hamkusikia vigongo? Wakabishana. Mama Fortu akaachia picha, ikawa njano, na yule mzee akapigwa mgongoni kama aliyefunga goli. Mlio mwingine. Mwenyekiti akasema bluu, akapata. Mwingine, akasema bluu, akakosa, akadai warudie, haukusikika vizuri. Ukarudiwa. Akakosa tena, akacheka mwenyewe. Wale watoto wa nyuma wakawa wamesogea mpaka mbele, wamekaa chini miguuni pa wazazi wao, na hakuna aliyewafukuza. Nami ufundi wangu wote ulikuwa umebaki kusema neno moja kila ramani ikija: "Wa bluu." "Wa njano." Sijawahi kufanya kazi nyepesi hivyo, wala kusikilizwa hivyo.

Ikafika mahali msemaji anaeleza sababu. Hapo mikono yake ilikuwa imefunguka pembeni, viganja juu, na huo mkono hauna shida kuutafsiri.

"Anasema hawajui," nikasema. "Labda wadogo wanajifunza kwa wakubwa wa pale pale. Labda kwa kuwa kila kundi linarudi kuzaana mahali pake. Bado wanatafuta."

Mwenyekiti akageuka. "Wametoboa barafu yote hiyo, na hawajui?"

"Ndivyo anavyosema, Mwenyekiti."

"Basi hao ni watu wa kweli," akasema, akageukia mbele.

Bibi Gaudensia akakisogeza kigoda. Akasema yeye ameletwa huku juu akiwa mwali, kutoka Ilemba, na kwao walimpa kuku sita wa kuanzia maisha. Bondeni kuku wanaitwa kwa ulimi kwenye meno, ti-ti-ti-ti. Huku juu wanaitwa kwa midomo, pruuu, pruuu. Mama mkwe akatoka na mtama, akaita pruuu, wale kuku wakamtazama kama anaumwa. Yeye akiita ti-ti-ti, mawifi wanacheka mpaka wanakaa chini. Mwaka mzima wanamchekea jikoni, na anaita kwa sauti ndogo ili wasisikie. Lakini vifaranga, akasema, vifaranga waliototolewa huku waliitikia kote kuwili.

"Waandikieni hao wazungu," akamaliza. "Wasitazame wakubwa. Watazame vifaranga."

Sijui kama ni kweli kwa sili. Mkisoma baiolojia vizuri mtakuja kuniambia. Ila pale bandani watu walianza kuita kuku. Kila mmoja kwa namna ya kwao, Laela, bondeni, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kuku halisi wa kwenye kichochoro walichanganyikiwa, wawili wakaingia ndani.

Mwenyekiti alisimama filamu ikiwa bado haijaisha. Mama Fortu akaisimamisha, na ile meza ya kukunja akaishika tena. Mwenyekiti akawauliza wazazi kama wamejifunza kitu. Yule mzee wa vigongo akasema yeye anataka Jumamosi ijayo. Wengine wakaitikia. Wakakubaliana hivi: banda litabaki, mchana wa siku za shule halifunguliwi, mwenye sare haingii, na Jumamosi asubuhi iwe sinema ya kujifunza. Akauliza kuhusu spika, igeuzwe upande wa barabarani? Bibi Gaudensia akasema ibaki ilipo, vinginevyo yeye atajuaje sinema zimeishaje.

Kufuli likarudi mfukoni. Mama Fortu akaiachia meza. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Na huyu?" akasema Bibi, ananionyesha kwa kidevu.

Mama Fortu akawahi. Akasema huyo ndiye mdomo wa banda, bila yeye watu watakuja kuangalia nini.

"Ni mwanafunzi," akasema Bibi. "Mnawazuia wanafunzi wasiingie mchana, na anayewaita kwa spika ni mwanafunzi mwenzao. Mimi sijui sheria. Lakini hata kuku angeliona hilo."

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma kabisa, akasema nikimaliza kidato cha nne maikrofoni ipo, haiozi. Ningeweza kubisha. Kuna wazazi wangenitetea, nilikuwa nimewachekesha miaka miwili. Lakini nilijua lile kufuli limo kwenye mfuko gani, na nilijua bweni la Fortunata liko wapi.

"Sawa, Mwenyekiti," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na sherehe, ingawa Mama Fortu alinipa maandazi, na soksi yangu nikaruhusiwa kuondoka nayo. Siku hizi anatafsiri mwenyewe, mnamsikia. Maskini stelingi, kabla ya kwenda vitani lazima aulizwe kama amekula na kwa nini hajavaa sweta. Watu wanampenda. Akifika mahali pa ukimya anaacha ukimya, na hakuna anayekwenda kukojoa. Kaka Kalisti nilipomweleza hayo pale Laela alikataa kuamini.

Mnaotaka kazi hii, malizeni shule, na soksi ifuliwe. Mengine mtazomewa mpaka mtayajua.

Lakini asubuhi ile mwenyekiti aliketi akasema sasa malizieni, tuone mwisho wao. Nikamkabidhi Mama Fortu maikrofoni. Sikuwa na mahali pa kukaa, maana mahali pangu palikuwa pembeni ya tivii, kwenye kreti la soda, mgongo ukutani. Nikaenda kujibana benchi la mbele, kati ya mwenyekiti na mtoto wa darasa la tatu. Picha ikaendelea.

Wadogo zangu, tivii ile ukiiangalia ubavuni, watu wote ni wembamba kama fito na rangi zimekufa. Miaka miwili nilitafsiri stelingi wembamba, farasi wembamba, mabasi membamba, wote kama wamepakwa majivu, na nikadhani ndivyo sinema zilivyo. Sasa sili akaja kutokea gizani, moja kwa moja kunielekea, mnene, mviringo, anang'aa, sharubu zake zina matone ya hewa moja moja, na maji nyuma yake yalikuwa na rangi ambayo sikujua kama banda letu linayo. Akafungua mdomo, ile filimbi ikaanza kushuka.

Nikamgeukia yule mtoto nimuulize kama siku zote huwa ni hivi.

Akaniziba mdomo kwa kiganja, macho hayajatoka kwenye tivii.